Breki Inashika Tairi Moja, Je Ninunue Kalipa Mpya?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya breki zinazong'ang'ania kwenye magari yaliyokula umri, nimechagua matano, mengine yanafanana nayo kwaiyo kama swali lako hulioni soma tu, jibu lako limo humu humu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la zamani, breki za mbele ni za diski. Siku hizi nikiendesha kwa muda linaanza kuwa zito, linavuta kushoto, nikishuka nakuta rimu ya mbele kushoto haishikiki kwa moto na kuna harufu ya kuungua. Likilala usiku kucha asubuhi linakua safi kabisa, ukilisukuma linaserereka lenyewe. Fundi wangu kaangalia kwa macho tu akasema kalipa imekufa ninunue mpya. Ninunue, au napigwa?

JIBU: Marahaba. Fundi wako simsemi vibaya maana inawezekana kabisa yuko sahihi, ila kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachozibana pedi, vile vipande vinavyosugua diski) haihukumiwi kwa kuitazama ikiwa baridi. Kuna vitu kama vinne vinavyoweza kufanya tairi moja lishike na kalipa yenyewe ni kimojawapo tu, watu wengi wananunua kalipa, wanafunga, baada ya siku chache moto umerudi pale pale alafu wanaanza kulaumu spea.

Kwanza uelewe pistoni inarudije ukiachia pedali, maana hapo ndo siri yote ilipo. Wengi wanadhani kuna springi humo ndani, kwenye kalipa nyingi hakuna. Pistoni imezungukwa na sili ya mpira ambayo ukiikata utaona kipande chake kina umbo la mraba, ukikanyaga breki mafuta yanasukuma pistoni mbele na ile sili inapinda kuifuata, ukiachia sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo sana, hata milimita moja haifiki. Ni hivo tu. Nguvu ya kurudisha breki ni nguvu ya mpira kujinyoosha, sasa fikiria kutu kidogo kwenye pistoni, au mafuta yaliyogoma kurudi, au pini iliyokauka (zile ambazo kalipa inateleza juu yake), chochote kati ya hivo kinatosha kuishinda.

Kwaiyo kipimo kifanyike breki ikiwa IMESHIKA, sio asubuhi. Endesha mpaka dalili zije, simama sehemu tambarare, weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja), gia weka huru, jaribu kuzungusha tairi kwa mkono ukishika mpira, rimu usiiguse. Likigoma kuzunguka, chukua spana ya ringi na kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chomeka kwenye nipo ya kutolea upepo (kile kiskrubu chenye tundu) iliyo juu ya kalipa, ncha nyingine itumbukize kwenye chupa, vaa miwani maana hayo mafuta yatakua ya moto, alafu legeza nipo taratibu.

Mafuta yakiruka na tairi likaachia papo hapo, kalipa yako haina kosa. Kuna presha imenaswa juu yake. Tairi likiendelea kugoma hata baada ya kufungua nipo, basi tatizo ni la chuma kwa chuma: pini, pistoni, au pedi zilizokwama kwenye bano lake (fremu inayozishikilia).

Tuseme limeachia. Funga nipo, rudia safari mpaka lishike tena, safari hii usiguse nipo, legeza ile nati ya juu ambapo paipu ya chuma inaungana na hosi ya mpira. Ukilegeza hapo tairi likaachia, presha inatoka juu zaidi, kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au fimbo inayoisukuma. Ukilegeza hapo tairi likabaki limeshika, lakini ukifungua ile nipo ya kwenye kalipa linaachia, mwizi ni hosi. Hosi ya breki ikizeeka inavimba au inachanika ndani wakati nje inang'aa kama mpya, mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwenye kile kitundu kilichobaki, ile sili ndogo ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha, kwaiyo inageuka mlango wa upande mmoja. Presha inavuja polepole usiku, asubuhi unakuta gari safi. Ndo maana maelezo yako yananifanya niishuku hosi kabla ya kalipa, ila sijaligusa gari lako, pima. Angalia pia pale kibano cha chuma kinapoishikilia hosi kwenye bodi au kwenye shoki, kutu ikivimba ndani ya kile kibano inaikaba hosi kutoka nje, hii watu wengi hawaijui.

Tatizo likiwa masta silinda kwa kawaida halichagui tairi moja, utakuta mbele zote mbili zina moto au zote nne, kwa sababu kitundu kinachorudisha mafuta kwenye chupa kimeziba au fimbo ya pedali imekazwa mpaka haina hata nafasi kidogo ya kucheza. Na kuna mtu aliyejaza oili ya injini kwenye chupa ya mafuta ya breki, huyo asipime chochote, kila mpira kwenye mfumo wake umeshavimba au uko njiani kuvimba.

Jambo la mwisho kabla sijakuachia, gari kuvuta kushoto wakati HUKANYAGI breki maana yake kushoto kumeshika. Likivuta kushoto pale tu unapokanyaga, inaweza ikawa kushoto kuko sawa na kulia ndo kumekufa hakushiki kabisa. Watu wanafungua upande usiohusika kila siku.

SWALI: Habari fundi. Nimefungua mwenyewe kubadilisha pedi, ya ndani imeisha mpaka chuma, ya nje bado nene kama mpya. Niweke tu pedi mpya niendelee?

JIBU: Ukiweka tu na kuondoka utarudi hapo hapo mapema sana dada. Kalipa yako itakua ile ya kuteleza, pistoni iko upande wa ndani tu, inasukuma pedi ya ndani ikigusa diski alafu kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zikikauka kalipa haitelezi, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Kwaiyo ya ndani kuisha yenyewe ni pini, au pistoni isiyorudi. Ya nje kuisha zaidi ni kalipa inayokuja lakini kurudi inagoma. Pedi kuisha kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, mara nyingi ni pini moja imeshika na ya pili inacheza. Usitupe pedi za zamani kabla hujazisoma.

Fanya hivi. Toa kalipa, ifunge juu kwa waya, usiiache ining'inie kwenye hosi hata kidogo. Chomoa pini zote mbili. Kumbuka ipi ilikua juu na ipi chini kwa sababu magari mengi zinatofautiana, moja ina kikombe cha mpira kwenye ncha au imechongwa ubavu, nyingine ni duara tupu, ukizigeuza unaweza ukazalisha tatizo jipya. Pini yenye kutu iliyochimba mashimo usiipige msasa ukajidanganya, nunua nyingine, ni spea ndogo. Iliyo nzima isafishe, safisha na tundu lake mpaka ndani kabisa ile grisi ya zamani iliyogeuka gundi itoke yote, angalia vile vimpira vya kuzuia vumbi, kilichochanika kinabadilishwa, maana maji yaliingilia hapo.

Grisi sasa. Iwe ya silikoni au ya kutengenezwa maalumu kwa breki. Grisi ya beringi hapana, na ile nyeusi ya shafti hapana, hizo ni za mafuta ya petroli na zinavimbisha mpira, nimeona pini zilizogoma kutoka kabisa na kosa sio kutu, ni kile kikombe cha mpira kimenenepa ndani ya tundu kwa sababu ya grisi ya mtu aliyetaka kusaidia. Paka kidogo. Ukijaza tundu, hewa inabanwa nyuma ya pini na itakua inaisukuma irudi, utajiuliza mbona nimepaka grisi nyingi na bado.

Alafu sehemu ambayo kwa maoni yangu ndo inaua breki nyingi kuliko zote na haina heshima yoyote: pale masikio ya pedi yanapokaa kwenye bano. Kuna vibati vyembamba visivyoshika kutu, wewe unaona viko safi unaridhika, lakini chini yake bano lenyewe limeota kutu na kutu inavimba, inavisukuma vile vibati juu, nafasi ya pedi inapungua, pedi inaingia kwa kugongwa na nyundo na mtu anaona hiyo ni sifa kwamba imekaza. Pedi ikiingia kwa nyundo haitatoka kwa sili. Toa vibati, kwangua kutu ya chini kwa brashi ya waya na kwa tupa ya chuma, rudisha vibati vipya kama vipo, pedi iteleze kwa kuisukuma na vidole. Usiikate pedi masikio, tatizo liko kwenye bano.

Vumbi lake usilipulize kwa upepo wala mdomo, pedi za zamani sana zilikua na asbesto, loanisha kwa dawa ya kusafishia breki na ufute kwa kitambaa. Pedi mpya ziwekwe pande zote mbili za ekseli, sio tairi moja.

SWALI: Mimi nimeshapima, nipo nimefungua na bado imeshika, pini ziko safi, pistoni ndo haisogei. Ni bora ripea kiti au kalipa nzima? Na hii ni ya nyuma, ina handibreki humo humo.

JIBU: Ungekua unasema ya mbele ningekuambia ripea kiti (seti ya sili na vimpira vipya) bila kufikiria mara mbili, kama una muda na sehemu safi. Kwa ya nyuma subiri kidogo nitakufikia.

Ya mbele inaenda hivi. Pistoni itoe kwa kukanyaga pedali kabla hujafungua hosi, presha ya breki ina nguvu na inasukuma taratibu, weka kipande cha mbao mbele yake isiruke. Wenye kompresa wanatoa kwa upepo, inafanya kazi, lakini pistoni inatoka kama risasi na vidole havirudi, kama ni lazima upepo uwe mdogo sana na mbao iwe nene. Ikitoka, iangalie kwenye mwanga. Pistoni ya chuma imepakwa kromu, kromu ikichimbika mashimo eneo ambalo sili inapita hiyo ni ya kutupa, hakuna msasa utakaoiokoa. Ile ya plastiki ngumu angalia nyufa na kumeguka kingo. Watu wanahangaika sana na kutu iliyo kwenye silinda ya kalipa, kwenye kalipa ambazo sili inakaa kwenye mfereji wa silinda mikwaruzo midogo ya ukutani haina shida kubwa kwa sababu sili inaziba kwenye pistoni, sio kwenye ukuta. Kinachotakiwa kua kisafi bila masihara ni ule mfereji, kutu ikikaa chini ya sili inaibana ikabe pistoni, na hapo unaweza kuweka pistoni mpya kabisa na breki ikashika kama zamani. Osha kwa dawa ya breki au spiriti, sio petroli sio dizeli. Sili mpya ilowanishe kwa mafuta safi ya breki, pistoni isukume kwa mikono ikiwa imenyooka, inatakiwa iingie bila vita.

Sasa ya nyuma yenye handibreki. Kabla ya yote chomoa kebo ya handibreki kwenye kile kimkono cha kalipa, uone kimkono kinarudi mpaka mwisho wake chenyewe. Kebo ikichomolewa na breki ikaachia, kalipa haina kosa, kebo imeota kutu ndani ya ala yake, badilisha kebo. Kimkono kikigoma kurudi hata bila kebo, basi mtambo wa ndani umekwama, na humo kuna skrubu, springi na vijisahani vinavyotaka vifaa maalumu kuvibana, hapo mimi nanunua kalipa iliyofanyiwa ukarabati au mpya na siombi radhi kwa mtu. Kumbuka pia pistoni za aina hiyo nyingi hazirudi kwa kubanwa na klempu, zinazungushwa huku zikisukumwa, na zingine zinazunguka kushoto zingine kulia. Ukibana kwa nguvu unavunja kitu ambacho hakikua kibovu, na inawezekana kabisa hiyo pistoni yako "isiyosogea" inasubiri tu kuzungushwa.

Pistoni yoyote unayorudisha ndani, fungua nipo kwanza mafuta machafu yatoke nje. Ukisukuma nipo imefungwa, ule uchafu unarudi juu kwenye masta na kwenye mtambo wa ABS (unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) kama gari lako linayo. Na nipo ikikatikia ndani ya kalipa ya zamani, jaribu kuitoa kwa joto na uvumilivu, ikigoma basi kalipa mpya, usiue siku nzima kwa hicho kipande.

SWALI: Fundi, tumebadilisha kalipa zote mbili za mbele, mpya, tumetoa upepo mpaka chupa nzima ya mafuta imeisha na pedali bado inazama kama unakanyaga godoro. Masta silinda ni nzima. Tumekosea wapi?

JIBU: Nenda kaangalie nipo ziko wapi. Kama ziko chini ya kalipa, mmefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kwenye magari mengi zinaingia bila kulalamika, boliti zinakaa, hosi inafika, kila kitu kinaonekana sawa, lakini hewa inakaa juu na nipo iko chini, mtatoa mafuta mpaka kesho hewa itabaki pale pale. Nipo siku zote iwe sehemu ya juu. Mkizibadilisha wekeni washa mpya za kopa kwenye boliti ya hosi, mbili kila upande, moja juu ya jicho la hosi na moja chini, za zamani zikishabanwa mara moja haziaminiki.

Kama nipo ziko juu, basi angalieni mnavyotoa. Mmoja anakanyaga na KUSHIKILIA, mwingine anafungua, anafunga, ndo yule wa juu anaachia. Akiachia kabla nipo haijafungwa inavuta hewa upya. Chupa ya juu isishuke chini ya alama. Magari mengi mnaanza tairi lililo mbali na masta, ila yapo yenye mpangilio wake, kitabu cha gari kina neno la mwisho. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT ni daraja la mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 ni ndugu, DOT 5 ni ya silikoni msichanganye nazo hata tone.

SWALI: Breki ikishika nikiwa njiani naweza kuendesha polepole mpaka nifike?

JIBU: Swali hili limeulizwa na wengi sana na najua jibu mnalotaka. Hapana, isipokua kusogea pembeni pa salama.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake cha chini ni kuchemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye gari la zamani ambalo hayajabadilishwa miaka, diski iliyoshika inafika joto hilo bila shida, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unabanwa kirahisi wakati mafuta hayabanwi, unakanyaga pedali inaenda mpaka chini na hakuna breki. Sio tairi moja tena. Na kabla ya hapo grisi ya beringi inayeyuka inamwagika, vimpira vya kalipa vinaungua, na moshi ukigeuka moto uko karibu na tairi. Diski ikiwa imeiva usiimwagie maji, inaweza kupinda au kupasuka, iache ipoe yenyewe.

Kama umekwama kweli na lazima gari lisogee mita chache, iache ipoe, breki mara nyingi inaachia kidogo, sogea bila kukanyaga sana alafu ita gari la kuvuta. Kuna wanaofungua nipo njiani kuachia presha, inaachia ndio, ila usidhani umetengeneza, ukikanyaga tena inashika tena, na ukisahau kufunga vizuri unamwaga mafuta yote ya breki barabarani.

Ukifika kwa fundi mwambie abadilishe na mafuta, yale yaliyochemka hayafai hata kama kalipa imepona, na apime unene wa diski, kiwango cha chini kimegongwa kwenye diski yenyewe, pembeni au kwenye kofia yake, futa kutu utakisoma.